Kabla ya kuwasha kamera ya kusaka gesi

Kamera ya infraredi, yaani inayoona mionzi ya joto, huonyesha gesi pale tu inapotofautiana joto na kilicho nyuma yake. Fundi asipolijali hilo, ataandika "hakuna uvujaji" huku methani ikimpita mbele ya lenzi.

Kwa hiyo tazama kwanza nyuma ya bomba kuna nini. Saa nane mchana ukuta umeota jua, na gesi yenye ubaridi kuuzidi huonekana kama moshi unaotambaa juu yake. Rudi jua likizama, joto la ukuta likishashuka likalingana na la hewa: moshi hauonekani tena, na valvu inavuja vilevile. Hapo sogea, tafuta pembe ambayo nyuma ya bomba ni anga tupu. Anga isiyo na mawingu ni ya baridi sana kwa kamera, hivyo gesi hujitokeza. Wingu zito likitanda, unafuu huo hupungua.

Hakikisha pia kamera inafaa kwa gesi unayoisaka. Methani hufyonza mionzi kwenye mikroni (kipimo cha urefu wa wimbi la mionzi) 3.3 na 7.7, amonia ya viwanda vya barafu na samaki iko karibu na 10.5. Kamera ya 3.3 haitakuonyesha amonia hata ikikujaa puani.

Pwani yetu shida kubwa ni unyevu. Mvuke wa maji hufyonza sana mionzi ya kati ya mikroni 5 na 8, na hata nje ya hapo kila mita ya hewa nzito hupunguza kinachofika kwenye lenzi. Sogea karibu kadiri usalama unavyoruhusu, upepo ukiwa mgongoni. Upepo wa kusi ukikaza, gesi hutawanyika kabla haijakusanyika ikaonekana. Mvua au ukungu ukishuka, ahirisha. Sioni sababu ya kubishana na hilo.

Jambo ambalo nisingelikubali lirukwe ni jaribio. Mahali palipoidhinishwa, fungulia gesi kidogo ya mtungi, kwa kiasi unachokijua, umbali uleule utakaofanyia kazi, siku ileile. Usipoiona kwenye kioo, umbali huo haufai leo. Na ukikagua bila kuona kitu, andika "haikuonekana", kisha joto, unyevu, kasi ya upepo, umbali na saa.