Kutyuni Blüthner ya waya nne ukiwa Mtwara: sindano weka pembeni kwanza

Kama umekabidhiwa Blüthner ya zamani, zile grendi piano za Leipzig, fungua mfuniko uhesabu waya za noti za juu. Piano nyingi zina tatu kwa kila noti, hii utakuta nne, na ya nne imeinuliwa kidogo ili nyundo isiiguse, yenyewe inaitikia tu wenzake wakilia. Kampuni ilipata hataza ya mfumo huo 1873. Sasa mtu akisikia juu kunapiga kelele anakimbilia kuchoma sindano felti ya nyundo (kile kitambaa kinene kinachogonga waya) ili sauti ilainike, kumbe kelele ni ya huyo wa nne katoka kwenye tyuni, na felti ukishaiharibu ndo basi tena.

Muda nao uangalie. Mvua zikichanganya ubao wa sauti unavimba na tyuni inapanda, kiangazi inashuka, kwa hiyo subiri mpaka mwezi wa sita au wa saba hali itulie, sio msimu wa korosho mvua ndo zinanyemelea. Na kwa wa Shangani, huku Mtwara karibu na bahari, chumvi ya bahari inakula waya, usikaze moja kwa moja, legeza kidogo kwanza mpaka usikie "tk", hapo kutu imeachia, ndo upandishe taratibu kwenda A 440, yaani noti ya A itikisike mara 440 kwa sekunde.

Waya za nne zote zizibe kwa kipande cha felti, tyuni zile tatu kawaida mpaka zitulie. Halafu fungua ya nne moja moja, idonoe kwa ukucha kama gitaa maana nyundo haiifikii, usikie kama inataka kulingana na wenzake au iko oktavu moja juu yao, usiilazimishe isikotaka.

Bado inakwaruza? Haya, sasa nyundo. Wakati unavuta mtambo wa vibao kuutoa USIBONYEZE kibao hata kimoja, nyundo itanyanyuka igonge mbao ya pini ikatike shingo. Mifereji ya waya kwenye felti isugue na msasa laini, mara nyingi hiyo tu inatosha. Sindano choma mabegani mwa nyundo, sio pale inapogongea, mara mbili tatu tu, rudisha, piga, sikiliza. Noti ikilainika kuliko jirani zake iache hiyo, hamia kwa majirani.