Gitaa la besi la zamani: anza na jeki, pikapu baadaye

Besi yangu ya Fender Precision ya 1976 niliichukua ikiwa inakoroma kama redio iliyopotea stesheni. Unyevu na jasho la miaka mingi. Kabla hujagusa waya, piga picha. Mimi sikupiga, nikalala saa nane usiku nikibahatisha upi ulikuwa wapi.

Jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, ndiyo huchoka mwanzo. Ikilegea, fungua ubao wa mbele, ishike kwa ndani ndipo ukaze nati. Ikizunguka yote itakata waya. Ulimi wake ukilegea, weka mpya, bei yenyewe ndogo.

Volyumu, yaani kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti, ikikwaruza, pulizia dawa ya kusafishia swichi, izungushe mara 20 hivi. Ikigoma, nunua ya kiloomu 250. Lakini kuukuu usiitupe! Tarakimu za mgongoni, tuseme 1377633, zinasoma hivi: 137 ni kiwanda cha CTS, 76 mwaka, 33 wiki. Mnunuzi mjuzi huzitafuta hizo kwanza.

Mgongo wa volyumu mpya ukwangue kwa msasa, upashe moto vizuri, ndipo ulehemu waya wa athi. Lehemu ikikaa kama kidonge chenye ukungu, haijashika, yeyusha upya.

Pikapu, ile inayonasa mlio chini ya nyuzi, kama inalia, iache.