Angalia mji, si nchi tu

Mliomaliza Senior Six hapa Kampala na mnaiwazia Ujerumani, msiishie kwenye jina la nchi. Fedha za kuweka kwenye akaunti maalumu ya viza ni zilezile popote uendako: euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Ila 992 ya Leipzig si 992 ya Munich. Munich chumba peke yake kinaweza kumeza zaidi ya nusu. Leipzig unalipa kodi na bado unakula. (Na koti la baridi unanunua. Msicheke, Novemba ya kule si mvua ya Kampala.)

Halafu ada. Vyuo vingi vya serikali havitozi, lakini miji ya Stuttgart, Heidelberg na Freiburg ipo jimbo la Baden-Württemberg, ambako mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kila muhula. Binamu yangu aliligundua hilo akiwa tayari ameshika barua ya udahili.

Bei za mabweni zimo kwenye tovuti ya Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi) ya kila mji. Ukikubaliwa chuo, omba chumba siku hiyohiyo.