Kuchagua vikanyagio vya pembeni vya pikapu hapa Goma: anza na vishikilio, bomba baadaye

Wengi wanaofika garajini kwangu Katoyi kutafuta marshipie, yaani vikanyagio vya pembeni vya pikapu, huwa wameshachagua kabla hatujasalimiana. Wameona bomba nene linalong'aa kwenye gari la jirani, na wanataka lile lile. Mimi huligeuza bomba chini juu na kuwaonyesha vishikilio, vile vipande vya bati nene vinavyolifunga kwenye gari. Mguu unakanyaga bomba, lakini uzito wa mtu unabebwa na vishikilio. Kwa barabara zetu, hapo ndipo pa kuanzia.

Lakini kwanza tujue nani anapanda gari hilo. Swali hili watu hulisahau, na mimi naona ndilo linaloamua zaidi ya nusu ya kazi. Kijana wa suruali anaruka na kuingia hata bila kikanyagio. Mama aliyefunga kikwembe hawezi kuinua goti hivyo, na mzee mwenye maumivu ya nyonga ndiyo kabisa. Egesha pikapu mahali tambarare, pima kutoka ardhini mpaka sakafu ya kabini mlango ukiwa wazi. Tuseme umepata sentimita 60: kikanyagio kilicho sentimita 35 kutoka chini kitamwachia mtu hatua ya sentimita 25 kuingia ndani, na hiyo inapandika vizuri. Kisha chukua kreti tupu ya bia, iweke kando ya mlango, mwombe mama wa nyumbani kwako apande. Akilazimika kuvuta kikwembe juu ya goti, ongeza ubao juu ya kreti, au punguza, mpaka apande kwa heshima yake bila kushikwa mkono. Pima kimo hicho, kiandike. Hicho ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani, na hakuna muuzaji atakayeweza kukuyumbisha.

Tazama na upana wa pale pa kukanyaga. Bomba la mviringo la inchi 3, yaani milimita 76, ndilo la kawaida madukani. Lina nguvu, lakini kiatu cha mvua chenye tope kinateleza juu yake ikiwa kipande cha plastiki cha kukanyagia ni chembamba au kimelegea. Mabomba bapa ya inchi 4 mpaka 6 yanapokea nusu ya wayo au zaidi. Kwa gari la familia linalozunguka Himbi, Katindo na sokoni Virunga, mimi huchagua bapa bila kusita. Angalia kama plastiki ya kukanyagia imefungwa kwa skurubu au imebandikwa tu kwa gundi. Vumbi letu la lava lina chembe kali, linaisaga, na siku ya kuibadilisha itafika. Iliyobandikwa kwa gundi itakusumbua.

Sasa mawe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ile ya Mei 2021 ikasimama Buhene, na mitaa mingi isiyo na lami tunaendesha juu ya mawe hayo. Jiwe la lava lina ncha na matundu. Chuma hakitelezi juu yake. Linakishika, linakwaruza rangi mpaka chuma kibaki kitupu. Kwa hiyo kila sentimita unayoshusha kikanyagio ili mama apande vizuri, unaitoa kwenye nafasi ya kupita juu ya jiwe. Hilux ya milango minne ina mita 3.085 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, Land Cruiser 79 ina mita 3.18. Katikati ya umbali huo ndipo kikanyagio kinapokaa, na ndipo gari linapogusa kwanza likivuka tuta kali.

Hapa lazima uamue gari lako ni la wapi. Likiwa la mjini, shusha kikanyagio kifike kimo cha kreti yako. Likiwa la kupanda Masisi baada ya Sake, au la kuingia njia za mashamba upande wa Rutshuru, kibane juu karibu na kizingiti cha mlango, kisha umsaidie anayepanda kwa njia nyingine: mshikio imara ndani, kwenye nguzo ya mlango. Mtu mwenye pa kushika kwa mkono anaweza kupanda hatua ndefu zaidi. Nimewafungia wazee mishikio hiyo, na naona inawafaa kuliko kikanyagio chochote cha kuning'inia chini.

Kwa njia hizo ngumu, unene wa ukuta wa bomba unahesabika. Bomba la mapambo mara nyingi lina ukuta wa milimita moja na nusu au mbili. Linatosha mguu, jiwe litalibonyeza. Lenye milimita tatu au zaidi, likishikwa moja kwa moja na shasi, ile fremu ya chuma iliyobeba gari, linaweza kuulinda ukingo wa mlango gari likilala juu ya mwamba. Mabomba ya aina hii ndiyo peke yake ninayokubali yawekewe jeki ndefu, na hata hapo ni ikiwa yalitengenezwa kwa kazi hiyo. Kikanyagio cha kawaida usikiinulie gari kamwe. Kitakunjika na gari litarudi chini mtu akiwa karibu.

Ukipenda kutengenezewa, mafundi wengi hapa wanatumia bomba la maji la inchi 2. Kwa nje lina kama milimita 60, na lile la unene wa kati lina ukuta wa zaidi ya milimita tatu na nusu. Ni kitu kizuri. Ila lile lililopakwa zinki lazima lisagwe mpaka zinki iishe pale panapochomelewa, maana moshi wake unaumiza mapafu na kuleta homa usiku. Fundi akikuambia haina shida, mwonee huruma, mwambie asage.

Tuje kwenye vishikilio. Vipime unene kwa vernia, kile kipimo cha fundi chenye taya mbili: mimi sipokei chini ya milimita nne, na napendelea tano. Kwa pikapu ya milango minne nataka vitatu kila upande. Viwili vinaacha katikati ikicheza, na katikati ndipo watu wanapokanyaga. Pale bati linapokunjwa kona, tafuta ubavu wa pembetatu uliochomelewa kuizuia isifunguke. Mtu anaposhuka kwa kishindo, nguvu inayopiga kona hiyo inazidi uzito wake. Na sisi tunajua hali yetu, kuna vijana hujipachika pembeni gari likitembea. Usiruhusu. Kikanyagio kimepimwa kwa kupanda na kushuka, na mtu aliyeanguka kati ya gurudumu na mawe haya hana bahati.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kufunga kishikilio kimoja sehemu mbili, kwenye shasi na kwenye kabini kwa pamoja, kwa kudhani kwamba kitakuwa imara zaidi. Kinavunjika mapema. Kabini ya pikapu haijaunganishwa na shasi chuma kwa chuma. Imekalia mipira, na gari likipita mawe kabini inacheza kivyake, shasi inajikunja kivyake. Kishikilio kilichoshika pande zote mbili kinavutwa huku na huku siku nzima. Ililetwa Hilux moja inayobeba maharagwe kutoka upande wa Sake, mwenyewe akilalamikia kelele ya kugongana chini. Nililala chini yake na tochi. Kwenye kona ya kishikilio cha katikati, mwisho kabisa wa mstari wa kuchomelea, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilimwambia kijana wangu akanyage bomba: ufa ukafunguka, na mchirizi wa maji mekundu ya kutu ukateremka kwenye bati. Akatoa mguu, ukafunga. Boliti zote zilikuwa zimekaza, hakuna kilicholegea. Tulikata mguu wa kabini, tukabadilisha vishikilio, vikabaki vimeshika shasi peke yake.

Basi chagua upande mmoja. Vikanyagio vya mjini vinavyofungwa kwenye matundu ya kiwandani chini ya kabini vinafaa, havihitaji kutoboa. Vya kazi nzito vishike shasi. Na hata kwenye shasi, tumia matundu yaliyopo au vibano vya bati vinavyoizunguka. Mimi ninaishi kwa kuchomelea, na sichomelei kwenye shasi. Moto unadhoofisha chuma pale pale, nyaya na mirija ya breki na ya mafuta inapita ndani yake au kando yake, na ufa unaoanzia hapo hautengenezeki kwa bei ya kikanyagio. Kutoboa ukingo wa juu au wa chini wa shasi ni vile vile, usikubali. Ikiwa kuna kitu lazima kichomelewe karibu na gari, waya hasi wa betri utolewe kwanza, maana magari ya sasa yana kompyuta.

Kuhusu chuma chenyewe sina maneno mengi. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi vizuri kinakarabatika popote, hata Kitshanga. Inoksi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, ni nzuri, ila peleka sumaku dukani: ikinata kwa nguvu bomba zima, hiyo si inoksi unayodhani, huenda ni chuma cha kawaida kilichong'arishwa juu. Ikinata kidogo tu kwenye kona iliyokunjwa, usiogope, inoksi halisi hufanya hivyo. Aluminiamu ni nyepesi na haina kutu nyekundu, lakini inapogusana na boliti ya chuma na maji yakaingia, inalika na kutoa unga mweupe. Weka washa, yaani pete bapa, za plastiki kati yao. Wanaokaa upande wa Rusayo na Sake wanajua mabati ya nyumba yanavyoliwa na mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano, kwa sababu upepo huupeleka zaidi magharibi. Mvua hiyo haichagui bati wala kikanyagio. Gari likilala huko, lioshwe chini kwa maji safi mara kwa mara. Vikanyagio vya umeme vinavyojikunjua vyenyewe usininunulie. Chembe za lava na tope vitaikwamisha mota.

Hakikisha vimetengenezwa kwa gari lako hasa. Hilux ya kabla ya 2015 na ile iliyotoka mwaka huo hazina matundu sawa, na kabini ya milango miwili haipokei bomba la milango minne. Land Cruiser 79 ya milango minne ilianza 2012, na wapo wanaouziwa bomba la ile ya milango miwili. Pima mwenyewe umbali wa tundu hadi tundu, uende na karatasi. Pima pia upande: bomba lisizidi ukingo wa nje wa tairi. Pale Birere, penye pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, bomba lililochomoza litakamata mguu wa mtu.

Siku ya kufunga, kaa hapo uangalie. Vichwa vya boliti viwe na alama 8.8, inayoonyesha nguvu ya chuma chake. Zote zishikizwe kwa mkono kwanza, bomba lipangwe sawa na kizingiti, ndipo zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni. Za milimita 8 zikazwe kwa nguvu ya kama Nm 25 kwenye spana yenye kipimo, za milimita 10 kama Nm 45. Kila palipokatwa au kukwaruzwa papakwe rangi ya kuzuia kutu kabla halijainuliwa. Bomba lililozibwa ncha zote mbili linahitaji tundu dogo sehemu yake ya chini kabisa, la sivyo maji yatakaa ndani na kutu itakula kutoka huko usikoona. Fungua na ufunge milango yote, kisha mtu mzito kuliko wote hapo asimame katikati ya bomba ukiwa umeinama unatazama: likishuka kidogo na kurudi, sawa, likijipinda kuelekea nje, kishikilio hakitoshi, usilipe bado. Rudi baada ya wiki moja boliti zikazwe tena, kisha kila unapobadilisha mafuta ya injini mwambie fundi apitishe spana na tochi huko chini, hasa kwenye kona za vishikilio.