Ndege wa uani: anza na maji, mahindi ya kuku waachie kuku

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi huku kwetu Mtwara na Lindi mvua hamna, kwa hiyo ukiweka maji tu uani watakuja shorewanda, tetere, mnana, shomoro, na kama una mpapai au maua maua chozi nae hakosi. Chakula sio lazima. Na msiwamwagie karanga zilizoota ukungu jamani, zile zina sumukuvu.

Chombo kizuri ni kigae cha chungu au sahani pana ya udongo, beseni la plastiki linateleza. Kina kisizidi vidole viwili, tia na jiwe katikati lichomoze juu. Badili maji kila asubuhi, ukiyalaza siku nyingi unafuga mbu. Wa Newala najua maji kwenu shida, kikombe kimoja kinatosha.

Sasa paka. Watu wanaweka chombo chini ya kichaka eti ndege wapate kivuli, na paka nae anajibanza humo humo, ndege akishaloa mabawa haruki vizuri basi kaliwa. Weka pa wazi, juu ya kigogo, hatua tatu nne hivi toka kwenye mti ili akishtuka awe na pa kukimbilia. Jirani akianza kupuliza salfa kwenye mikorosho funika chombo, akimaliza mwaga maji na uoshe.

Madirisha ya alumini yenye vioo vya kung'aa nayo yanaua sana, ndege anauona mti ndani ya kioo anajua ni njia. Pazia la ndani halisaidii, ning'iniza kamba nyembamba kwa nje, toka kamba hadi kamba upana wa kiganja. Aliyejigonga muweke kwenye boksi lenye matundu, pa giza, kimya, usimnyweshe maji kwa nguvu, baada ya saa moja hivi fungua boksi nje aende zake.

Kinda kaanguka? Mrudishe kiotani, mama hamkatai eti kwa sababu umemshika.

Bundi akitua juu ya bati usitafute mganga, kafata panya, na ukitega sumu ya panya unamuua na yeye. Kunguru wenye shingo ya kijivu ndo wezi wa mayai na makinda, asili yao Bara Hindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kinachowaita kwako ni jalala, hivyo utumbo wa samaki fukia.