Kabla ya kumpigia kura mfungaji bora, fungua kauntabuku

Misimu tisa sasa nakaa meza ya takwimu kwenye viwanja vya kikapu hapa Dar, mara nyingi pale Don Bosco Upanga. Kila ligi ikielekea ukingoni ubishi unakuwa uleule: nani mchezaji bora? Jina la kwanza kutajwa ni la mwenye pointi nyingi. Mimi nami nilishampa kura kijana kwa sababu hiyohiyo. Nilipofika nyumbani Magomeni nikajumlisha upya, nikaona niliyemwacha ndiye aliyestahili. Bado inaniuma, kwa hiyo nawaandikia ninyi mtakaoitwa kwenye kamati.

Anzeni na karatasi ya mchezo. Wengi wanaandika vikapu vilivyoingia tu, lakini bila mitupo iliyokosa hamna cha kupima. Asisti nayo ni ile pasi inayompeleka mwenzako moja kwa moja kufunga. Mpenzi wa timu akishika kalamu, kila pasi inageuka asisti. Wekeni waandishi wawili, walinganishe daftari wakati wa mapumziko, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Halafu wekeni kiwango cha mechi. NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, tangu msimu wa 2023/24, inamtaka mchezaji afikishe angalau mechi 65 kati ya 82 ndipo afikiriwe kwa tuzo kubwa. Ni kama asilimia 79. Ligi yenu ikiwa na mechi 14, basi 11.

Sasa njooni kwenye hesabu ninayoipenda kuliko zote, ya kupima nani anatumia vizuri nafasi zake za kufunga. Tuseme mmoja amefunga pointi 22 kwa mitupo 20 ya kawaida na mitupo huru 5, ile unayopewa ukifanyiwa faulo. Mwingine ana 16 kwa mitupo 10 na mitupo huru 5. Chukua mitupo huru, zidisha kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha kwa mbili, kisha gawa pointi kwa jibu hilo. Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru unaimalizia timu shambulizi: kuna ule mmoja wa nyongeza ukifunga huku umefanyiwa faulo. Wa kwanza anapata 22 kugawa kwa 44.4, yaani asilimia 49.5. Wa pili ni 16 kwa 24.4, asilimia 65.6. Rudi kwenye karatasi uone: wa kwanza kakosa mitupo ya kawaida mara 11, wa pili mara 4. Mingi ya ile 11 wapinzani waliidaka wakaondoka nayo.

Ila msimhukumu haraka huyo wa kwanza. Huenda kila usiku anakabwa na watu wawili, na zikibaki sekunde tatu mpira anatupiwa yeye. Hapo naangalia timu akiwepo na asipokuwepo. Andika matokeo anapoingia na anapotoka: kaingia mko 18 kwa 20, katoka mko 34 kwa 27, basi dakika zake zimeleta pointi tisa, kutoka nyuma mbili hadi mbele saba. Mechi moja haisemi kitu. Jumlisha msimu mzima.

Mpiga pasi mpimeni kwa asisti zake dhidi ya mipira aliyopoteza. Steve Nash alikuwa MVP, yaani mchezaji bora wa NBA, msimu wa 2004/05 kwa wastani wa pointi 15.5 tu, lakini asisti 11.5, na timu yake ya Phoenix ikatoka ushindi 29 msimu uliotangulia hadi 62.

Ulinzi ndio mgumu. Mtoto wetu wa Dar, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) mwaka 2009, alipokuwa chuoni Connecticut alisifika kwa bloku, yaani kuzuia mtupo wa mpinzani hewani, na bloku zinahesabika. Yule aliyefika mbele ya mfungaji mpaka akaghairi kutupa haandikwi popote. Mimi namchorea nyota pembeni ya karatasi, halafu nawauliza makocha wa timu pinzani nani aliwanyima usingizi. Kocha wake mwenyewe simuulizi.

Na kura zipigwe mapema. NBA huzikusanya kabla ya mtoano kuanza. Mkingoja usiku wa fainali, watu watamkumbuka aliyefunga kikapu cha mwisho tu. Mechi ya mwisho ya ligi ikiisha, kabla ya mtoano, gaweni karatasi palepale mezani, zikunjwe, ziingie kwenye bahasha, na bahasha ifungwe kwa gundi mbele ya manahodha.