Injini mpya umeshaifunga, oili ya sinthetiki uweke lini?

Kama injini imefanyiwa ovahoo (imefunguliwa yote na kutengenezwa upya) na ringi za pistoni ni mpya, usikimbilie sinthetiki, yaani oili iliyotengenezwa maalumu kwa kemikali, jamani, anza na oili ya kawaida maana ringi zinatakiwa zisuguane kidogo na kuta za silinda mpaka zikae sawa, na mafundi wengi wanasema sinthetiki inateleza sana. Mwaga oili ya kwanza mapema, kwenye kilomita 800 hivi, na filta ubadilishe, utaona vichembe vya chuma na hiyo ni kawaida. Usiiache isailensi (iungurume gari limesimama) muda mrefu, endesha huku unapandisha na kushusha mwendo. Ukiona oili kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) haishuki tena, tuseme kilomita 3,000 hivi, hapo weka sinthetiki. Injini mpya ya kiwandani fuata kitabu chake, nyingi zinakuja na sinthetiki tayari.